Kirewa Isiuze Kitanda, Iuze Siku

Ukitaka mikutano ije upande huu wa Uganda wa mpaka na Kenya, acha kwanza kuomba ukumbi. Ombi la ukumbi ndilo rahisi kulitoa mbele ya madiwani, Tororo na hata Busia: tujengewe jumba la kisasa, wageni watakuja wenyewe. Jumba huchukua miaka kujengwa, na likiisha huwa na ufunguo mmoja ulio mfukoni mwa mtu aliye safarini. Kirewa ni gombolola ya wakulima wa wimbi, mhogo na karanga huku Budama Magharibi. Haina vitanda vya kulaza watu mia wala haitakuwa navyo karibuni. Ilicho nacho ni kwamba ni mahali penyewe panapojadiliwa katika mikutano ya wengine. Malaria, biashara ndogo ya kuvuka mpaka, mbegu, vikundi vya akiba, mashamba yanayogawanywa kati ya ndugu mpaka yanabaki vipande: hayo yote huzungumzwa Kampala, Entebbe na Kisumu na watu waliolipiwa vyumba vyenye viyoyozi. Kazi yako ni kuwafanya waje wayaone, wale, walipe, kisha warudi Tororo mjini kulala.

Namwandikia mwenye mgahawa, mwenye hema na viti vya kukodisha, mama mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mkuu ambaye bwalo lake halina mtu wakati wa likizo, na diwani anayetafuta hoja ya kusimamia.

Kuhusu ukumbi, Kenya imekwisha kujibu. Kongamano la Ugatuzi, ambalo hukusanya magavana na misafara yao kutoka kaunti zote 47, mwaka 2018 lilifanyika Kakamega, katika viwanja vya Kakamega High School. Mwaka 2019 likaenda Chuo Kikuu cha Kirinyaga. Agosti 2025 lilikuwa Homa Bay. Kisumu nayo, Mei 2022, ikapokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika nzima, uliokuwa haujawahi kufanyika katika mji wa kiwango cha kati. Magavana wameketi kwenye mahema katika uwanja wa shule na mambo yakaenda. Basi uwanja wa shule upo, hema lipo, na Tororo kuna shule za bweni ambazo mabweni yake hukaa matupu kila likizo.

Wageni wako ni akina nani

Mtu akisema utalii wa mikutano, wengi huona Munyonyo ya Januari 2024, Kampala ilipopokea kwa mfululizo mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote na ule wa Kundi la 77 na China. Au Nairobi ya 1973, jumba la mikutano la KICC likiwa jipya, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zikikutana Afrika kwa mara ya kwanza. Au Kigali, ambayo tangu 2014 ina ofisi maalumu ya kuwinda makongamano. Hayo waachie wenye viwanja vya ndege. Yako ni madogo, lakini ni mengi.

Wapo wa mashirika na wa utafiti. Nagongera, jirani zetu, ni mahali ambapo watafiti wa malaria wamefanya kazi kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi hapo. Watu hao hufanya warsha kila mara. Zipo dayosisi na majimbo ya kanisa, ambazo hukutana kwa idadi kubwa na kwa bajeti ndogo. Usizidharau, maana zikiridhika hurudi mwaka hadi mwaka bila kutangaziwa zabuni.

Kisha wapo Wakenya wa ziara za kujifunza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo soko lako la karibu kuliko yote. SACCO, chama cha walimu, kikundi cha wakulima kutoka Bungoma au Siaya, kamati ya bunge la kaunti: wote hutenga fedha za kwenda kuona wenzao wanafanyaje. Ziara hizi zimepata sifa mbaya, na nyingine zimeistahili. Mwakilishi wa wadi anayesafiri mbali kwenda kujifunza usafi wa soko, ilhali soko la kwao halina choo, hana wa kumtetea. Lakini kikundi cha wafugaji wa kuku kinachovuka Malaba asubuhi kwa kitambulisho, kikaona mabanda mawili, kikala mchana na kurudi jioni, hakina cha kuficha. Ziara ya namna hiyo inajitetea yenyewe, na wewe ndiwe unayeiuza.

Mwisho ni safari za motisha. Kampuni za saruji, simu, bima na mbegu huwatuza mawakala waliouza sana. Wakubwa hupelekwa Dubai. Wakala wa duka la mbegu mwenye nafasi ya ishirini kwa mauzo hapelekwi popote, na ndiye wa kwako. Mpangie: asubuhi kupanda Mwamba wa Tororo, ambao kileleni, hewa ikiwa safi, unaona Kenya upande mmoja na Mlima Elgon upande wa pili, mchana Kirewa, kesho yake Majanji kwenye Ziwa Victoria, samaki wa kuchoma. Akitaka mbali zaidi, kuna maporomoko ya Sipi au michoro ya mapangoni ya Nyero, Kumi. Kampuni italipa sehemu ndogo ya gharama ya ndege, na wakala atarudi dukani na picha za kuwaonyesha wateja.

Jinsi ya kuiuza siku

Siku moja ya Kirewa iwe na mambo matatu tu: jambo la kuona, watu wa kuzungumza nao, na mlo. Waandaaji wengi hupenda kujaza ratiba. Punguza. Wageni 60 hushuka kwenye basi taratibu, na mvua ya saa nane haijali ratiba.

Jambo la kuona lazima liwe linatendeka. Kama ni kikundi cha akiba, wageni waje siku ya kikao chenyewe, waone sanduku likifunguliwa na majina yakisomwa. Kama ni shamba, mwenye shamba awe shambani. Na mwenye shamba alipwe. Nalisema hili kwa sababu husahaulika: mwandaaji analipwa, mpishi analipwa, dereva analipwa, na mzee ambaye mhogo wake umekanyagwa na viatu 120 anaachiwa kofia na fulana. Patana naye mapema, mbele ya mkewe, na fedha zifike siku hiyohiyo. Picha pia ziombwe, hasa za watoto na za wagonjwa. Nyumba ya mtu isigeuzwe makumbusho.

Chakula ndicho watakachokumbuka. Chai ya saa nne iwe na kitu kinachoshibisha: mhogo wa kuchemsha, karanga, mayai, mandazi. Mchana, Mkenya atatafuta ugali mweupe na sukuma wiki. Mwekee, lakini kando yake weka ugali wa wimbi uliochanganywa na mhogo, majani ya kunde kwa karanga, na kuku wa kienyeji aliyepikwa kwa kuni. Mtu hakuvuka mpaka ili ale chipsi. Uliza mapema wasiokula nyama, na kama kuna Waislamu kati yao, kuku achinjwe na Mwislamu na jambo hilo litajwe kabla hawajauliza.

Choo kinaamua kama watarudi. Kabla ya kununua kitambaa cha meza, hakikisha vyoo vya wanawake na vya wanaume vimetengana, vina mlango unaofungika, maji, sabuni na mtu wa kuvitunza kutwa. Mratibu wa warsha, ambaye mara nyingi ni mwanamke, ataangalia choo kabla ya ukumbi. Baada ya choo, umeme: jenereta liwe na mafuta, lijaribiwe siku iliyotangulia, likae mbali na wanaozungumza.

Lugha isikutishe. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na mpakani kilikuwa kikifanya kazi zamani kabla ya hapo. Weka mkalimani mmoja wa Dhopadhola, lugha ya hapa, kwenda Kiswahili, mzuri, anayelipwa. Mtoto wa mwenyekiti aliyemaliza shule juzi si mkalimani.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako. Wageni 60: mlo wa mchana shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 1,200,000. Chai na vitafunio 8,000 kila mmoja, 480,000. Hema na viti 300,000. Jenereta na spika 250,000. Mwenye shamba, mkalimani na ngoma 200,000. Jumla ni shilingi 2,430,000 za Uganda, yaani 40,500 kwa kichwa. Bei ya kumpa mteja ni hiyo ya kichwa, kwa sababu yeye hupanga bajeti kwa vichwa, na idadi ikibadilika hamtagombana. Ikiwa anayelipa ni serikali au kampuni iliyoteuliwa na mamlaka ya mapato, URA, kukata kodi ya zuio, malipo yakizidi milioni moja atakata asilimia 6: hapa ni 145,800, na utapokea 2,284,200. Omba hati ya zuio na uitunze. Ni kodi uliyokwisha kulipa, na huhesabiwa mwisho wa mwaka. Asiyejua jambo hili hudhani ameibiwa, hupandisha bei mwaka wa pili, na mteja huenda Mbale.

Mpakani

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Busia ina kituo cha pamoja cha mpaka, kilichozinduliwa rasmi na Marais Museveni na Kenyatta Februari 2018, na Malaba nayo hufanya kazi kwa mtindo huohuo: unahudumiwa mara moja, upande ule unaouingia. Kwa anayekwenda Kirewa, Malaba ni karibu zaidi, ila malori yake unayajua. Kundi livuke alfajiri.

Mwambie mratibu akusanye kadi mbili za manjano, na umweleze tofauti yake, maana huwachanganya wengi. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, cha kila mtu. Nyingine ni bima ya COMESA ya gari, inayomlinda anayegongwa nchi jirani. Basi la kukodi kutoka Kenya linahitaji hiyo ya pili pamoja na kibali cha muda cha kuingiza gari. Dereva akija na moja tu, abiria 60 watakula chai yako saa tisa.

Wageni kutoka nje ya Afrika Mashariki wanaweza kutumia viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100 kwa siku 90, lakini hiyo ni ya utalii. Anayekuja kulipwa kwa kazi aulize ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Na wageni watanunua. Waandalie meza ya karanga, wimbi, simsim na asali, bei imeandikwa kwa shilingi za nchi zote mbili, na mtu wa M-Pesa karibu na wa MTN na Airtel. Kikundi kikitaka magunia, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya huruhusu mazao ya Afrika Mashariki yasiyozidi dola 2,000 kuvuka kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa mpakani. Mweleze mnunuzi hapohapo mezani.

Kuitetea mikutano

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kutetea mikutano ni kusema italeta maendeleo na kuitangaza wilaya. Maneno hayo hayana meno, na serikali ikibana matumizi mikutano ndiyo ya kwanza kukatwa.

Septemba 2008 serikali ya Marekani iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa hadi dola bilioni 85. Siku chache baadaye kampuni tanzu yake ikawapeleka mawakala waliofanya vizuri kwenye hoteli ya kifahari ya California, kwa gharama ya zaidi ya dola 440,000. Ilikuwa safari ya motisha ya kawaida, iliyopangwa mapema. Bunge likauliza, magazeti yakapiga kelele, na kampuni ambazo hazikuhusika kabisa zikafuta mikutano yao kwa hofu. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa usafiri cha Marekani kikaanzisha kampeni ya kuitetea mikutano, kikihesabu ajira: wahudumu, wapishi, madereva. Ilikuja baada ya nyumba kushika moto.

Kwetu tuna Novemba 2015. Rais mpya wa Tanzania, John Magufuli, alizuia safari za nje za watumishi zisizo na kibali cha Ikulu, na vikao vya serikali vikatolewa hotelini kupelekwa kwenye kumbi za serikali. Wananchi wengi walishangilia, na sishangai. Fedha za semina zilikuwa zimegeuka mshahara wa pili. Biashara ya hoteli za Dar es Salaam ikaumia. Nadhani kilio cha wenye hoteli hakikumgusa mtu kwa sababu waliolia walikuwa wenye hoteli. Mama aliyewauzia mboga na kijana aliyefua shuka hawakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nunua daftari leo, kabla ya kuhitaji utetezi. Kila kundi linapokuja andika tarehe, nani, wangapi, wametoka wapi, wamelala wapi. Kisha, na hii ndiyo sehemu yenye kazi, andika kila shilingi ilikoishia: kuku wangapi kwa nani, kuni kwa nani, boda ngapi, vibarua wangapi wa kuosha vyombo. Waliopokea watie saini au dole gumba. Daftari hilo lina kazi mbili. Linamfanya kila muuza kuku kuwa mtetezi wako kwenye kikao cha kijiji, na linakuzuia wewe mwenyewe kumpa dada yako kazi zote. Wasipoona majina mengine mle, watasema mikutano ni ya familia moja, na watakuwa wamesema kweli.

Ukiwa na kurasa za mwaka mmoja, omba vitu vidogo vyenye tarehe: barabara ya murramu ilimwe greda kabla ya msimu, choo cha soko kikamilishwe, kibao kiwekwe njia panda. Mwenyekiti wa gombolola, yaani LC3, anaweza kukuahidi greda na ukamshika kwa ahadi hiyo. Ukumbi hawezi, hata akikuahidi.

Usiende peke yako. Wenye hoteli wa Tororo wanakuhitaji, kwa sababu siku ya Kirewa ndiyo inayoongeza usiku mmoja kwao. Waombe wakutaje kwenye bei wanazotuma kwa wateja, na kamisheni iandikwe. Wenye hoteli wa Busia, pande zote mbili, wana shida moja: wageni hupita kwenda Kampala au Kisumu bila kulala. Kaeni pamoja, Wakenya na Waganda, mkubaliane bei isiyoshushwa chini, na mtu mmoja wa kuwasemea mbele ya kamati ya pamoja ya mpaka. Foleni ya saa tano pale Malaba ni hasara yenu nyote.

Makaratasi na madeni

Uganda, sajili kikundi au jina la biashara kwa msajili wa biashara, URSB, pata namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na akaunti ya benki yenye jina hilohilo. Kisha omba kuingizwa kwenye orodha ya watoa huduma wa wilaya. Kenya, utahitaji PIN ya mamlaka ya mapato, KRA, na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwa kuwa tangu 2024 mteja asiyekuwa nayo anapata shida kuhesabu matumizi yake. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vichukue cheti cha AGPO: asilimia 30 ya zabuni za umma zimetengwa kwa ajili yao. Polisi na ofisi ya mwakilishi wa rais wilayani, RDC, wajulishwe mapema kwa barua, hata kama ni kikao cha wafugaji wa kuku.

Serikali hulipa kwa kuchelewa, pande zote mbili. LPO, hati ya kuagiza huduma, ni karatasi nzuri lakini haichinji kuku. Mashirika waombe nusu kabla. Kaunti na wilaya ukizihudumia kwa mkopo, usizidishe kiasi unachoweza kukaa bila kukiona kwa miezi sita. Na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme nini hutokea mkutano ukifutwa: Ebola iliyoanzia Mubende Septemba 2022 iliwakumbusha watu kwamba kipengele hicho si cha mawakili pekee.

Kalenda ni hii. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza Julai 1. Mei na Juni ofisi hukimbizana kumaliza fedha, na warsha hufurika. Ni msimu wako mkubwa, ingawa Mei bado mvua inanyesha, basi hema liwe na pande. Julai hadi Septemba ni kimya, tengeneza vyoo. Mpango wa mwaka wa kaunti za Kenya hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, hivyo wenzenu wa Busia ya Kenya wapeleke daftari lao mapema, kabla ya hapo. Wilaya za Uganda hufanya vikao vya bajeti karibu na Oktoba na Novemba. Nenda na kurasa zako, na nenda na muuza kuni. Barua za kuwaalika wateja zitoke Januari, barabara ikiwa kavu, ili mratibu aje kukagua na kuondoka na picha nzuri. Kila barua iwe ya ukurasa mmoja: kitu watakachokiona, bei kwa kichwa, muda wa gari kutoka Tororo siku kavu na siku ya mvua, picha ya choo, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea.